Ngisi, Kobe na Mashine Zitembeazo: Historia Fupi ya Neva za Umeme

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya sayansi kwa ajili ya toleo hili la gazeti letu la wanafunzi wa zamani wa Lugoba, alitoa sharti moja: isiwe makala ya kuwatisha vijana walioko shuleni sasa. Sharti hilo nimelikubali kwa moyo mweupe, maana habari ninayotaka kuieleza haina cha kutisha. Ni historia ya wataalamu na mafundi waliojiuliza swali moja dogo: je, kiumbe ahitaji akili kiasi gani ili aweze kutembea? Jibu walilolipata, baada ya karibu miaka tisini ya kuhangaika na vyura, paka, ngisi na vipande vya redio, ni kwamba ahitaji kidogo mno. Na hicho kidogo chaweza kujengwa juu ya dawati.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisoma Lugoba, kisha nikasoma fizikia Chuo Kikuu, na tangu hapo mikono yangu imeshika mafaili zaidi kuliko nyaya. Hata hivyo kazi hiyo hiyo ya mafaili ndiyo iliyonisukuma kuandika. Orodha za mahitaji ya maabara za shule hupita mezani pangu mara kwa mara. Katika orodha hizo nimekuta neno kompyuta mara nyingi sana, na neno kapasita mara chache sana. Siipingi kompyuta. Lakini kuna mambo makubwa ya sayansi ambayo hayakungoja kompyuta, na hili ninalolieleza ni mojawapo.

KUKU ALIYECHINJWA

Hakuna mtoto wa Lugoba, Msata au Chalinze asiyepata kumwona kuku aliyekwisha kukatwa kichwa akirusha miguu, pengine hata akikimbia hatua kadhaa. Watoto hucheka, wakubwa humkanyagia mabawa, na shughuli huendelea. Lakini tujiulize: nani anayeiamuru miguu ile? Ubongo umebaki upande wa pili wa kisu.

Mwaka 1911 mtaalamu mmoja wa Uskoti, Thomas Graham Brown, alitoa jibu kwa njia ya majaribio. Alichunguza paka waliokatwa mawasiliano kati ya ubongo na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Alikata pia neva zinazopeleka habari kutoka mguuni. Pamoja na hayo, misuli ya kukunja na ya kunyosha mguu iliendelea kupokezana zamu, kana kwamba paka yumo safarini. Graham Brown akasema kwamba ndani ya uti wa mgongo mna jozi za vituo vya neva. Kituo kimoja kikifanya kazi humnyamazisha mwenzake. Kikichoka, mwenzake huamka na kukinyamazisha kile cha kwanza. Kunja, nyosha, kunja, nyosha.

Hoja hii ilikuwa kinyume cha mazoea. Wengi waliamini kwamba kila hatua ni amri kutoka juu, au ni jibu la mguu kugusa ardhi. Graham Brown alionyesha kwamba mdundo wa mwendo una makao yake mwenyewe huko chini, na kwamba kichwa kazi yake ni kusema nenda, simama, geuka. Kwa miaka mingi hoja yake haikupewa uzito uliostahili, lakini leo ndiyo msingi wa elimu ya mwendo wa wanyama.

NDOO YENYE TUNDU

Ili fundi aige neva, yampasa kwanza ajue neva hufanya nini. Hapa yafaa turudi nyuma miaka minne, hadi 1907, kwa Mfaransa Louis Lapicque. Yeye alikuwa akiishtua neva ya chura kwa umeme na kupima ni mshtuko wa nguvu gani, na wa muda gani, utakaoifanya neva iitikie. Aliona kwamba neva hufanana na kapasita inayovuja.

Kwa sisi tuliobeba ndoo za maji, jambo hili halihitaji hesabu nyingi. Chukua ndoo yenye tundu dogo kitakoni. Ukimimina maji kikombe kimoja kimoja kwa uvivu, yatavuja yote na ndoo haitajaa kamwe. Ukimimina haraka haraka, maji yatapanda mpaka ukingoni na kufurika. Ndoo ni kapasita, yaani kifaa cha kuweka akiba ya umeme. Tundu ni rezista, ambayo huuachia umeme upite pole pole. Ukingo wa ndoo ndio kizingiti cha neva. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa sharti kwamba haba hizo ziwahi kuliko uvujaji.

Umeme wa namna hii, unaopanda na kushuka kidogo kidogo kama maji ndani ya ndoo, ndio wataalamu wanaouita wa analogi. Umeme wa kompyuta hujua hali mbili tu, ipo au haipo. Neva ina yote mawili: ndani yake maji hupanda taratibu, lakini yakifika kizingitini, mlipuko wake ni mmoja tu, mzima, usio na nusu.

NGISI AINGIA MAABARA

Sasa nawaomba wasomaji twende sokoni Bagamoyo, palipo na samaki, tumtazame ngisi. Sisi twamjua kwa mchuzi wa nazi. Wataalamu wa neva wanamjua kwa sababu nyingine: ndani ya mwili wake umo uzi wa neva mnene ajabu, ambao kipenyo chake hukaribia milimita moja. Neva za mwanadamu ni nyembamba kuliko unywele, haziingiliki kwa waya. Neva ya ngisi huingilika. Mwaka 1936 Mwingereza J. Z. Young alitangaza kwamba nyuzi hizo nene, ambazo zilikuwa zikidhaniwa kuwa mishipa ya damu, ni neva.

Waliomtumia ngisi huyo kwa sifa kubwa kabisa ni Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Cambridge. Mwaka 1939, huko Plymouth pwani ya Uingereza, waliingiza waya ndani ya neva yake na kupima volti zake. Vita Kuu vikawakatiza. Walirudi baada ya vita, na mwaka 1952 wakatoa hesabu kamili zinazoeleza jinsi mshtuko unavyozaliwa na kusafiri ndani ya neva. Kijana anayedhani kwamba hesabu nzito zahitaji mashine nzito na ajue jambo hili: kompyuta ya Cambridge ilikuwa haipatikani wakati ule, kwa hiyo Huxley alipiga hesabu zile kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, wiki baada ya wiki. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobeli, pamoja na John Eccles wa Australia.

Lakini kwa historia yetu ya leo, mtu muhimu zaidi ni mwingine, ambaye jina lake limeandikwa katika kila kitabu cha umeme bila wasomaji kujua habari za ngisi wake. Mwaka 1934 kijana Mmarekani Otto Schmitt, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, alikuwa akichunguza jinsi mshtuko unavyosafiri katika neva za ngisi. Akatamani kuwa na saketi itakayofanya kama neva: isiitikie kelele ndogo ndogo, ila ikishaitikia, iitikie kwa ukamilifu. Akaijenga kwa vali za redio, na mwaka 1938 akaitangaza kwa maandishi. Mpaka leo huitwa saketi ya Schmitt.

Siri yake ni kuwa na vizingiti viwili badala ya kimoja. Mfano wake ni mzee mwenye msimamo. Humshawishi akakubali mpaka hoja zako ziwe nzito kweli kweli. Akisha kukubali, hakatai tena kwa sababu ya neno moja la mpita njia. Ni mpaka hoja zipungue sana ndipo hurudi katika msimamo wake wa kwanza. Baina ya vizingiti hivyo viwili, mzee hayumbi. Saketi hii imo leo katika vyombo visivyohesabika, na hupatikana ndani ya chipu moja ndogo yenye miguu kumi na minne, iitwayo 74HC14, ambayo hubeba saketi sita za namna hiyo. Bei yake madukani Kariakoo haizidi sahani ya chipsi. Mnyama wa baharini alimfundisha mwanafunzi, mwanafunzi akawafundisha watengenezaji wa vifaa, na somo likarudi mikononi mwetu likiwa kipande cha plastiki cheusi.

KOBE WA BRISTOL

Baada ya vita, W. Grey Walter, mtaalamu wa ubongo katika Taasisi ya Burden mjini Bristol, alitaka kujua ni neva chache kiasi gani zinazotosha kumfanya kiumbe aonekane ana nia yake. Kati ya 1948 na 1949 alijenga mashine mbili zenye magamba kama kobe, akaziita Elmer na Elsie. Kila moja ilikuwa na magurudumu matatu, mota mbili, jicho moja la kuhisi mwanga, swichi moja ya kuhisi kugongwa, na vali mbili tu za redio. Vali hizo mbili ndizo zilizokuwa neva zake zote.

Kobe hao waliufuata mwanga wa wastani na kuukimbia mwanga mkali. Wakigonga kiti walirudi nyuma, wakajipinda na kutafuta njia nyingine. Betri ikipungua, walivutwa na taa iliyokuwa ndani ya kibanda chao, wakaingia wenyewe kuchaji. Mwaka 1951 wananchi wa Uingereza waliwaona kobe wa aina hiyo katika maonyesho makubwa ya taifa mjini London. Watazamaji wengi waliapa kwamba mashine zile zina akili. Grey Walter alijua kilichomo ndani: neva mbili tu zinazosikilizana.

Hata hivyo kobe wake walikuwa na magurudumu. Anayeijua Lugoba, mahali panapopasuliwa mawe ya kokoto, ataelewa upungufu huo. Gurudumu dogo hukwama kwenye kokoto. Mguu wa mbuzi haukwami. Kazi ya kuipa mashine miguu kwa neva chache ilibaki ikimngoja mtu mwingine, naye alichukua miaka arobaini kufika.

TILDEN NA MBIO ZA VIJITI

Mwaka 1989 Rodney Brooks wa chuo cha MIT nchini Marekani alikuwa na mashine ya miguu sita, Genghis, iliyotembea bila ya kuwa na ramani ya dunia kichwani. Kila mguu ulikuwa na vikanuni vyake vidogo, na mwendo ulitokana na vikanuni hivyo kukutana. Lakini vikanuni hivyo bado vilikuwa programu ya kompyuta. Mwaka huo Brooks alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo fundi wa hapo chuoni, Mark Tilden, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1961. Tilden alitoka pale na swali lake: kwa nini tusiiondoe kompyuta kabisa?

Akaanza kukusanya vyombo vibovu, kaseti, kalkuleta na vitu vya kuchezea, akavifungua na kutumia viungo vyake. Mashine alizozijenga alizipa jina la BEAM, akihimiza elimu ya viumbe, umeme, sura nzuri na ufundi wa mitambo viende pamoja. Mafundi wa kujifurahisha walimfuata, na mapema katika miaka ya 1990 wakawa wanakutana Toronto kushindanisha mashine zao. Mwaka 1993 aliajiriwa katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani. Tarehe 28 Juni 1994 alipewa hataza namba 5,325,031 kwa ajili ya neva zake za umeme, na mwaka 1995 yeye na mwanafizikia Brosl Hasslacher walichapisha maelezo ya mashine hizo.

Neva moja ya Tilden, aliyoiita Nv, ina vitu vitatu: kapasita, rezista, na saketi moja ya kugeuza, kwa mfano moja kati ya zile saketi sita za Schmitt zilizomo katika chipu. Nawaomba wanafunzi wasome sehemu hii taratibu, maana ndiyo kiini cha makala. Volti inapopanda ghafla mlangoni, kapasita huupitisha mruko huo ndani. Ndoo imejaa kwa mkupuo. Saketi ya kugeuza huona volti ya juu, nayo hutoa volti ya chini: neva imeamka. Kisha rezista huanza kuivujisha ndoo. Maji yakishuka chini ya kizingiti, saketi hugeuka na kutoa volti ya juu tena: neva imelala. Kule kupanda kwa volti wakati neva inapolala ndiko kunakojaza ndoo ya neva inayofuata.

Muda wa kuamka hupatikana kwa karibu kwa kuzidisha kapasita kwa rezista. Kapasita ya maikrofaradi 0.22 na rezista ya megaomu 2 hutoa sekunde 0.44, yaani karibu nusu sekunde. Huo ni mwendo mzuri kwa mguu mdogo. Ukiweka rezista kubwa zaidi mwendo hupungua, ukiweka ndogo huongezeka. Hakuna programu ya kuandika. Sheria yote imo katika ukubwa wa tundu na wa ndoo.

Sasa ziweke neva nne katika duara. Kila aliyepata kukimbia mbio za kupokezana vijiti katika michezo ya UMISSETA atalielewa duara hili mara moja. Mkimbiaji wa kwanza hukimbia muda wake, humkabidhi kijiti wa pili, wa pili humkabidhi wa tatu, wa tatu wa nne, na wa nne humrudishia wa kwanza. Mbio hazina mwisho mpaka betri ife. Mota ya miguu ya mbele hufungwa baina ya neva ya kwanza na ya tatu, kupitia chipu nyingine ya kuongeza nguvu. Mota ya miguu ya nyuma hufungwa baina ya neva ya pili na ya nne. Kijiti kikiwa kwa wa kwanza, mota ya mbele huzunguka upande mmoja. Kikiwa kwa wa tatu, huzunguka upande wa pili. Kadhalika mota ya nyuma kwa wa pili na wa nne. Matokeo yake ni haya: mbele kulia, nyuma kulia, mbele kushoto, nyuma kushoto. Miguu minne ya waya mnene, mota mbili, na mashine inatambaa sakafuni.

Lipo tatizo moja ambalo mafundi wote wa saketi hii hulikuta. Wakati wa kuwasha, vijiti viwili vyaweza kuingia uwanjani kwa pamoja, mashine ikatetemeka mahali pamoja badala ya kutembea. Ndiyo maana huongezwa kisaketi cha tano, mithili ya mwamuzi, ambacho hunyang'anya kijiti cha ziada na kuacha kimoja.

Jambo lililomsisimua Tilden zaidi ni kwamba saketi hizi husikia mzigo. Mguu ukigota kwenye kikwazo, mota huvuta umeme zaidi, volti ya saketi hubadilika kidogo, na muda wa mipigo nao hubadilika. Hatua hurefuka au hufupika yenyewe, mpaka mguu upite. Ni habari ya Graham Brown na paka wake tena, ila sasa kwa chipu za madukani: mdundo wa mwendo una makao yake huko chini, wala haungoji amri.

MABOMU, MSUMBIJI NA PANYA WA MOROGORO

Sitaki msomaji adhani kwamba nawasifia wavumbuzi bila kipimo. Neva za Tilden zilipewa mtihani mzito, na mtihani wenyewe unatuhusu sisi.

Tilden aliandika mwaka 1995 kwamba mashine zake za bei nafuu zingeweza kuzunguka mashambani na kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini. Majirani zetu wa Msumbiji walikuwa wakiangamia kwa mabomu hayo. Sisi wa wilaya za Bagamoyo tulikuwa na undugu wa karibu na watu hao: mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule ya sekondari ya FRELIMO ilikuwa papa hapa Bagamoyo, ikiwafundisha vijana wa Msumbiji waliokuwa katika vita vya ukombozi. Uhuru ulipatikana mwaka 1975, kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Mabomu yalibaki ardhini yakiwangoja wakulima.

Tilden alijenga mashine ndefu yenye miguu mingi, mfano wa mdudu kijiti. Kazi yake ilikuwa kukanyaga bomu, kupoteza mguu, kuinuka na kuendelea kwa miguu iliyobaki. Gazeti la Washington Post lilisimulia mwaka 2007 jinsi ilivyojaribiwa huko Yuma, Arizona. Mashine ilipoteza mguu baada ya mguu, ikaendelea kujikokota, mpaka kanali msimamizi akaamuru jaribio lisimamishwe. Kwake yeye, kuitazama mashine ile iliyoungua ikijiburuta kwa mguu uliobaki ulikuwa ukatili. Fikirini jambo hilo: neva chache za umeme zilimtia askari huruma.

Lakini huruma si kazi iliyokamilika. Mashine zitembeazo hazikuyasafisha mashamba ya Msumbiji. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwamo viumbe wenye neva za kweli, na walifunzwa karibu na kwetu, mwendo wa basi kutoka Chalinze. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2000. Hapo panyabuku hufunzwa kunusa baruti na kukwaruza ardhi mahali ilipo. Panya huyo ni mwepesi, kwa hiyo bomu halilipuki akilipita. Hapotezi mguu. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, na mwezi Septemba 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa huru na mabomu yote yaliyokuwa yakijulikana. Panya mmoja aliyezaliwa Morogoro, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na alikufa Januari 2022 baada ya kugundua mabomu na milipuko mingine zaidi ya mia moja.

Kwa nini panya alishinda? Kwa maoni yangu, kwa sababu kutembea ni nusu tu ya kazi. Neva nne zatosha kutembea. Hazitoshi kunusa, kukumbuka, wala kumrudia mwalimu kudai ndizi. Tilden mwenyewe baadaye alihamia kwenye vitu vya kuchezea watoto. Roboti yake Robosapien ilitoka mwaka 2004 na kuuzwa kwa wingi duniani. Mafundi wa kujifurahisha nao waliendelea na neva zake za Nv, na wapo mpaka leo.

Historia hii yatufundisha kupima vitu kwa haki. Anayesema neva nne ni ubongo, anatia chumvi. Anayesema ni mchezo wa watoto, hajamtazama kuku aliyechinjwa kwa makini.

KIPI CHAWEZEKANA LUGOBA

Elimu hii ya neva haiko mbali nasi. Mwaka 2011 kikundi cha wanasayansi kiitwacho TReND kilifungua mafunzo yake ya kwanza ya neva kwa watafiti wa Kiafrika, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la Ishaka, magharibi ya Uganda. Waliwachunguza inzi wadogo wa matunda, kwa sababu inzi hana gharama. Mmoja wa waanzilishi wake, Tom Baden, pamoja na wenzake walitoa mwaka 2018 maelezo ya Spikeling, kifaa cha bei nafuu kinachoiga neva kwa ajili ya kufundishia, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Wenye elimu kubwa wenyewe wameona kwamba neva hufundishika vizuri ikishikwa mkononi.

Kwa hiyo napendekeza kwa Umoja wetu jambo dogo lenye hesabu yake. Badala ya kuchangia kifaa kimoja kikubwa kitakachofungiwa kabatini, tuipatie Klabu ya Fizikia vifaa vya saketi kumi. Kila saketi yahitaji chipu moja ya 74HC14, kapasita mbili za maikrofaradi 0.22, rezista mbili za megaomu 2, taa mbili ndogo za LED na rezista zake, na betri tatu za volti moja na nusu. Hizo ni neva mbili tu, zikitazamana kama vile vituo viwili vya Graham Brown. Mmoja akilala, mwenzake huamka, na taa hupokezana kuwaka. Mwanafunzi akibadilisha rezista ataona kwa macho yake mdundo ukibadilika, na akiwa na saa mkononi ataweza kupima kama hesabu ya kuzidisha inakubaliana na ukweli. Hakuna haja ya umeme wa ukutani, wala ya kompyuta.

Watakaomudu hatua hiyo waongeze neva ziwe nne, kisha mota. Nawatahadharisha mapema kwamba mota ndogo zenye gia za kupunguza mwendo ndizo ngumu kupatikana kuliko vyote. Zitafutwe kwa mafundi wa vyombo vibovu Chalinze na Dar es Salaam kabla ya kununua mpya. Miguu ikunjwe kwa waya mnene. Kulehemu kufundishwe na fundi redio, si lazima mwalimu, maana mafundi wetu wa mitaani wanaijua kazi hiyo kuliko sisi wenye vyeti.

Na somo la biolojia lisiachwe nyuma. Siku klabu itakapofika Bagamoyo kwa ziara, wanunue ngisi mmoja kabla hajaenda jikoni, wampasue kwa uangalifu, watafute ule uzi mweupe ulio upande wa ndani wa joho lake. Uzi huo ndio uliomfundisha Otto Schmitt. Wakishauona, wakirudi shuleni na kuishika ile chipu nyeusi, watajua wameshika nini.

Mchango wangu wa saketi mbili za kwanza nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina. Zimebaki nane.